Kode ya mama iko mkononi mwa nani?

(Maneno haya tuliyasema mbele ya mkutano mkuu wa wanachama hapa Goma, mtaa wa Ndosho. Komite iliomba yaandikwe ili wenzetu waliobaki Masisi na Rutshuru, pamoja na wafadhili wetu walio mbali, nao wayasome. Tumeyaacha jinsi tulivyoyasema. Tumeondoa tu kelele za mvua kwenye mabati na maswali yaliyojirudia.)

Tulipewa dakika ishirini, na mama mwenyekiti ametuonya kwamba maharagwe yako motoni, kwa hiyo hatutazunguka sana.

Leo kuna mambo mawili mezani. La kwanza ni ile kaye ya komite ambamo wengi wenu mmeandikisha namba zenu za telefone pamoja na kode zenu za siri za M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, ili mchango wa mwezi utolewe bila nyinyi kusafiri. La pili ni ombi la wafadhili wetu, kwamba chama kitunze namba za kadi zao za benki ili mchango wao ukatwe wenyewe kila mwezi. Watu wameyaweka kwenye ajenda kama mambo mawili tofauti. Sisi tunayaona kuwa jambo moja. Katika yote mawili, mwenye feza amechoka kufungua mlango kila mara, sasa anampa mwingine ufunguo. Haki yake kuchoka. Lakini lazima aulize: huyu niliyempa, anaweza kufanya nini siku ambayo mimi sipo?

Kabla ya kugusa kaye ya watu, tuseme kosa letu wenyewe.

Sisi wa kazi ya uwanjani tulitumwa kugawa feza kwa njia ya telefone kwa familia zilizorudi upande wa Sake. Mnajua zilikotoka: Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya, yale makambi yaliyovunjwa mwezi wa pili 2025. Watu walikuta nyumba bila mlango, wengine bila nyumba. Kila familia ilipewa kadi ya SIM, na kila kadi ilipaswa kufunguliwa akaunti na kuwekewa kode. Sasa mtu kujichagulia kode ni kazi. Mama anafikiri, anamuuliza binti yake, anaingiza, anasahau mara ya kurudia, tunaanza upya. Siku ya kwanza ilifika saa sita mchana na foleni haijasogea. Mmoja wetu akasema: tuwawekee wote 1234, watabadilisha wenyewe nyumbani. Hakuna aliyepinga. Tulikuwa na njaa, dreva alikuwa anapiga honi, na barabara ile hutaki ikukute giza. Siku ile tulimaliza mapema. Tena wakubwa wetu walitusifu.

Nani alibadilisha? Karibu hakuna. Angebadilisha vipi wakati hakuna aliyemuonyesha?

Wiki chache zikapita, feza ya awamu ya pili ikaingia. Mama mmoja akaenda kuitoa, akakuta sifuri. Ujumbe ulisema imetolewa jana yake jioni. Dola 60. Telefone yake ilikuwa imelala kwenye kibanda cha kuchaji, kile cha sahani ya jua, ambapo kijiji chote kinaacha telefone usiku. Na kode yake ilijulikana na kijiji chote, maana ilikuwa kode ya kila mtu. Watu wakamrukia kijana wa kibanda. Mpaka leo hatujui kama ni yeye. Angeweza kuwa mtu yeyote aliyepita pale na kusema anatafuta telefone yake. Lakini wateja walimhama, kibanda kikafungwa, kijana akaondoka. Mama yule hakupiga kelele. Alituuliza tu: "Muliniwekea mulango, na ufunguo mukapatia kijiji nzima?"

Tulichanga kati yetu tukamrudishia sehemu. Kwa yule kijana hatukuwa na cha kurudisha.

Basi hatukuja hapa kuwaambia kwamba kutafuta urahisi ni uvivu ao ujinga. Sisi tumesoma chuo kikuu, na ni sisi tuliofanya vile. Tena hali ya mji huu inasukuma watu. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 mabenki ya Goma yalifunga milango, na telefone ikabaki kuwa ndiyo benki. Haikuanza siku ile. M-Pesa iliingia Congo mwaka 2012, miaka mitano baada ya Kenya, na nyingine zikawa sambamba nayo. Wanaokumbuka Nyiragongo ya tarehe 22 mwezi wa tano 2021 wanajua walivyotoka usiku, mtoto mgongoni, telefone mkononi, na feza iliyokuwa ndani ya telefone ikafika nao Sake. Wazee wa 2002, wakati moto wa mlima ulipopita katikati ya mji, hawakuwa na bahati hiyo. Kwa hiyo yeyote anayesema telefone ni hatari, turudi kwenye godoro, hajalala nje.

Lakini benki ikifungwa, noti nazo zinakuwa adimu. Mwenye noti ndiye mfalme. Unapita asubuhi kwa mtu wa meza ya mwavuli, anakuambia hana kitu, labda jioni. Wewe una shamba, una mgonjwa, una foleni ya maji. Unamuachia telefone: "Feza ikipatikana unitoshee, kode ni ile ile." Mwingine ni mama ambaye macho yamechoka na namba hakuwahi kujifunza. Anamwambia muuzaji: "Mutoto yangu, miye sijue kusoma, ingiza weye." Mwingine ni papa aliye juu kule milimani ambako mtandao haushiki, anampa motari telefone na kode pamoja, ashuke navyo hadi mjini. Mtu akija hapa akawaambia "msimpe mtu kode yenu kamwe", halafu akakaa chini bila kusema papa yule afanye nini, amesema nusu ya habari. Nusu ile ndiyo rahisi.

Sasa tuje kwenye kaye.

Tumeiona. Imeandikwa vizuri, kwa mstari, jina, namba, kode. Nia ilikuwa nzuri, na tulielezwa mbele ya komite nzima kwamba hakuna hata franka moja iliyopotea. Tunaamini. Mweka hazina wetu ni mtu mwaminifu, na tunalisema hili akiwa amekaa pale mbele. Ndiyo maana tunaogopa kwa ajili yake.

Fikirini. Kesho dola 40 zikosekane kwenye telefone ya mwanachama. Labda ni mjukuu wake aliyechukua, labda ni mtu wa mwavuli. Mweka hazina atajitetea kwa neno gani? Mashine inaandika tu kwamba kode sahihi iliingizwa saa fulani. Haiandiki ilikuwa kidole cha nani. Kode ikijulikana na watu wawili, ushahidi umekufa. Na kampuni ya telefone ukiwaendea watakuuliza swali moja: kode ulimpa mtu? Ukisema ndiyo, mazungumzo yameisha. Kijana wa kibanda cha kuchaji alihukumiwa na kijiji bila hata kuwa na kaye. Huyu mzee ana kaye yenye majina yenu.

Kuna jambo jingine ambalo ni zito kidogo. Hii kaye inalala nyumbani kwake. Mnajua usiku wa Goma ulivyo. Wezi wakija leo, watachukua telefone yake na radio, basi. Wakisikia kwamba ndani ya nyumba ile kuna kaye yenye kode za wanachama wote, watamfanyia nini mpaka aitoe? Tumemuwekea mtu bomu chini ya kitanda, tukamwambia aksanti kwa kazi ya kujitolea.

Na ajabu ni kwamba nyinyi mnajua hili kuliko sisi. Mama wangapi hapa wako kwenye AVEC? (Mikono mingi.) Kisanduku chenu kina kufuli ngapi? Tatu. Funguo ziko kwa watu wangapi? Watatu, na kisanduku chenyewe kinalala kwa wa nne. Kinafunguliwa mbele ya wote siku ya mkutano. Nani kati yenu angekubali funguo zote tatu pamoja na kisanduku zikae kwa mtu mmoja, hata akiwa mchungaji? (Vicheko.) Mnaona. Hakuna anayemtukana mchungaji, ila kisanduku ndivyo kilivyo. Kaye ile ni funguo zote na visanduku vyote, kwenye nyumba moja.

Kuna wanachama hapa waliopitia Kenya kabla ya kurudi, Kakuma na Kalobeyei, kule Turkana. Tutasema habari mnayoijua, mtusahihishe tukikosea. Kuanzia 2015 sehemu ya chakula cha wakimbizi kule ilianza kuja kama feza ndani ya telefone, waliiita Bamba Chakula, ya kununulia kwenye maduka yaliyosajiliwa tu. Baadaye Kalobeyei wakaletewa feza ya kawaida, ya kutoa kwa kadi ya benki. Jambo zuri, mtu anajichagulia. Lakini posho ilikuwa ndogo kuliko mwezi. Mwezi ukifika katikati, unga umeisha. Mwenye duka anakukopesha unga, maharagwe, mafuta, sukari kidogo. Na kama rehani anabaki na kadi yako. Kadi bila kode haimsaidii, kwa hiyo anabaki na kode pia. Watafiti waliokaa kule wameandika juu ya jambo hili, halikuwa la mtu mmoja mmoja.

Papa mmoja wa chama chetu aliishi hivyo miaka miwili. Alituambia siku ya posho yeye haendi popote. Mwenye duka ndiye anayekwenda na mfuko wa kadi za watu. Anatoa, anakata deni lake, kinachobaki anakiandika kama mkopo wa mwezi unaofuata. "Nilikuwa nasikia kwamba feza yangu imeingia," papa alisema, "kama vile unasikia kwamba jirani amezaa."

Tusimfanye mwenye duka kuwa shetani. Bila rehani nani angemkopesha mkimbizi ambaye kesho anaweza kupelekwa Canada? Watoto walikula. Urahisi ulikuwa wa kweli, kila siku unapewa unga bila kuhesabu noti. Lakini angalieni bei yake. Duka la pili likishusha bei ya mafuta, huwezi kuhama, kadi yako iko la kwanza. Posho ikiongezwa ao ikipunguzwa, wewe ni wa mwisho kujua. Hata usipoibiwa shilingi moja, umeacha kuwa mnunuzi. Duka ndilo linalojiuzia kwa kutumia kadi yako. Hilo tulitaka mlishike kabla hatujageukia ndugu zetu wa mbali, kwa sababu maduka ya intaneti nayo yanapenda kutunza kadi ya mteja, na wizi siyo sababu pekee ya kujiuliza. Kadi ikitunzwa mahali, mtu ananunua pale pale, haraka, bila kufikiri mara mbili. Wenye maduka wanalijua hilo vizuri.

Kwa wasiowahi kushika kadi ya benki: mbele ina tarakimu, mara nyingi 16, na tarehe ya mwisho. Mara nyingi nyuma kuna tarakimu tatu nyingine. Mtu akinunua kwenye intaneti anaandika hizo zote. Mara ya kwanza duka linamuuliza: tukutunzie kadi yako? Akikubali, mara ya pili anabonyeza tu. Ndivyo mjomba wako wa Ubelgiji anavyokutumia unite saa tano usiku akiwa kitandani.

Duka likitunza kwa utaratibu, linabanwa na kanuni ambazo makampuni ya kadi yaliziweka pamoja mwaka 2004 na kuzirekebisha mara nyingi tangu wakati ule. Ile namba ya mbele lazima ifichwe kwa namna ambayo mtu akiiba faili asiweze kuisoma. Zile tarakimu tatu za nyuma haziruhusiwi kubaki kabisa malipo yakishakubaliwa, hata zikiwa zimefichwa. Siku hizi maduka mengi hata hayakai na namba. Kampuni ya malipo inakaa nayo, duka linapewa kitu kama jetoni. Mnajua jetoni ya kibanda cha kuchaji, kile kikaratasi chenye namba. Huwezi kununua nyanya nacho sokoni. Mwizi akikiokota, nje ya kibanda kile ni karatasi tu. Hivyo ndivyo kutunza kunakofaa: aliyepewa anakaa na kitu ambacho peke yake hakifungui feza yako kila mahali, na wewe unaweza kukifuta bila kumuomba ruhusa.

Hata hivyo wakubwa nao waliibiwa. Mwaka 2013 wezi waliingia kwenye kampuni ya Adobe ya Marekani wakaondoka na namba za kadi za wateja wapatao milioni 2.9, zikiwa zimefichwa. Mfadhili mmoja alipotusikia tukisema hivyo kwenye telefone akajibu: basi mimi sitatunza popote, nitaandika upya kila mara. Hapo pia kuna mtego. Mwaka 2018 wezi waliingiza mistari yao ya kompyuta ndani ya ukurasa wa malipo wa British Airways, wakawa wanachukua namba wakati mtu anaandika. Asiyekubali kutunziwa kadi hakupona kwa sababu hiyo. Mamlaka ya Uingereza iliitoza kampuni ile faini ya pauni milioni 20 mwaka 2020. Kwa hiyo kuandika kadi yako kwenye kila duka jipya unalokutana nalo nako ni kuitembeza sokoni. Afadhali sehemu chache unazozijua.

Na sisi je? Sisi chama. Hapa tunainamisha kichwa, maana tulikuwepo wakati uamuzi ulipofanywa.

Mwaka jana katibu aliwaandikia wafadhili: tumeni picha ya kadi, mbele na nyuma, kwa WhatsApp, sisi tutaingiza kila mwezi kwenye ukurasa wa michango. Ilikuwa kwa upendo. Kuna mzee wetu mmoja Ubelgiji anayepotea kabisa kwenye kurasa za intaneti, anabonyeza vibaya, anaandika upya, anakata tamaa. Tulitaka kumpunguzia. Wafadhili watatu walituma. Picha zikakaa kwenye telefone ya katibu, kwenye telefone ya msaidizi wake, na kwenye kompyuta ya biro. Angalieni: maduka yale makubwa yamekatazwa kubaki na tarakimu tatu za nyuma. Sisi tulibaki nazo kwa picha, bila hata kuficha.

Kisha katibu akanyang'anywa telefone akiwa juu ya moto, saa kumi na mbili jioni, kwenye mzunguko wa barabara. Hatuna uhakika kama ni picha ile iliyotumika. Lakini baada ya siku nne kadi ya mzee wetu ilinunua vitu katika nchi ambayo hajawahi kukanyaga. Benki yake iliona, ikaifunga, ikamrudishia feza. Yeye hakupoteza kitu. Waliopoteza ni wazee wanne wa hapa Ndosho ambao dawa zao za presha zilitoka kwenye mchango wake. Mwezi ule haukuja, na uliofuata haukuja. Alituandikia kwa upole sana: ataendelea kutuombea, ila habari ya kadi asiisikie tena. Mmoja kati ya wale wazee wanne amekaa hapa leo. Hatutamtaja.

Picha zilifutwa. Lakini nani anaweza kuapa kwamba zimefutwa kila mahali? Telefone inajihifadhia nakala yenyewe bila kukuambia.

Kwa hiyo tunachowaomba mkipigie kura ni hiki. Chama kisishike kadi ya mtu tena, wala picha, wala namba iliyoandikwa kwenye kikaratasi. Mfadhili anayependa kadi aingize mwenyewe kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo. Sisi tuone jina, kiasi na tarehe, basi, na yeye awe na kitufe cha kusimamisha siku anayotaka. Wafadhili wanaosoma haya: kama benki yenu inatoa kadi ya pili ya kiasi kidogo, tumieni hiyo, na washeni ujumbe wa kila malipo ufike kwenye telefone yenu. Na yule mzee wetu wa Ubelgiji tumemfikiria kipekee. Aende benki yake mwenyewe, aagize kwamba kila mwezi kiasi fulani kitumwe kwenye akaunti ya chama, ile wenzetu walioifungua Kampala kwa sahihi tatu. Hapo yeye ndiye anayetuma. Sisi hatukati kitu, hatushiki kitu. Ni njia ya zamani na ina gharama yake ya kutuma. Tumemwandikia. Bado hajajibu.

Kwa upande wetu sisi wa hapa, kaye iishe. Mchango kila mtu autume mwenyewe kwenye namba ya chama. Aliye mbali na mtandao asubiri siku ya soko, tunaongeza wiki mbili kabla ya kumhesabia kuwa amechelewa. Mweka hazina ndiye aliyependekeza wiki mbili hizo, sisi tulikuwa tumesema moja.

Mama asiyejua kusoma tumejaribu naye, na inawezekana. Kwenye telefone ya vifungo, kifungo cha katikati, cha 5, kina kidoti kidogo unachokigusa kwa ngozi. Kutoka pale kidole kinahesabu: juu, chini, kushoto, kulia. Mama wa upande wa Sake walijifunza kode zao kwa vidole, kama njia ya kwenda kisimani. Mmoja alituambia hajui kode yake ni namba gani, ila kidole chake kinajua. Hata ukimbembeleza hawezi kukuambia. Hatujaona kode iliyofichika kuliko hiyo.

Kwenye kibanda cha kuchaji, toa kadi ya SIM kwanza, uifunge kwenye kitenge. Telefone bila SIM haitoi feza yako. Ukimtuma mtoto ao motari, uwe na SIM ya pili yenye feza ndogo tu ya safari hiyo, kubwa ibaki nyumbani. Mtu wa mwavuli usimwachie telefone. Mwachie namba yako, akupigie noti zikipatikana. Utarudi mara mbili, ndiyo. Hapo miguu italipa, hatuna uongo wa kuwapa.

Kijana mmoja ametuuliza hapa: "Niko na elfu kumi za franka tu, nani ataangaika na miye?" Jibu fupi: yule aliyesikia kwamba posho inaingia Ijumaa. Mama wa dola 60 naye alikuwa na franka chache mpaka siku moja kabla.

Swali la papa asiyeona hatukuweza kulijibu vizuri, tukubali. Vidole vinaweza kuingiza kode, lakini ujumbe unaosema zimetoka ngapi unasomwa na mwingine. Tulisema achague mtu mmoja, yeye mwenyewe, siyo komite imchagulie, na siku akibadilisha mtu abadilishe na kode. Papa akatuuliza: na mtu huyo akinisomea uongo? Tukanyamaza. Mjukuu wake akasema atamsomea yeye na dada yake, kila mmoja kwa wakati wake, bila mwingine kuwepo. Tuliona ni bora kuliko letu, tukaliandika.

Tunamalizia na utaratibu wa leo. Mweka hazina ameomba aitie ile kaye jikoni yeye mwenyewe, mbele yenu, chini ya maharagwe. Tumekubali, ila iwe baada ya kila aliyeandikwa ndani kubadilisha kode yake, siyo kabla. Karatasi ikiungua, kode ya zamani bado inafanya kazi. Meza ya kushoto kuna vijana wawili watakaowaonyesha hatua kwa mdomo tu, wameambiwa wasiguse kifungo cha mtu. Mama wazee waanze. Wenye majina kwenye kaye lakini wako Masisi watapigiwa leo jioni, na mpaka watakapokuwa wamebadilisha, kurasa zao zitakaa ndani ya kisanduku cha AVEC ya mama zetu, chini ya kufuli tatu. Anayehitaji kuchaji, waya uko karibu na dirisha. SIM mtoe kwanza.